Hukumu ya Hague haina grosi

Bwana Mhariri,

Msomaji wenu mmoja ameandika kwamba hukumu za mahakama za kimataifa ni karatasi tupu, hazimlazimishi jaji wa hapa kitu. Nilikuwa karani wa mahakama hapa Lubumbashi kwa miaka mingi, na naomba nimjibu, maana amepatia nusu.

Nusu hiyo kila karani anaijua: hukumu haitembei yenyewe. Mtu anashinda kesi ya kiwanja, anaimba mpaka nyumbani, lakini bila grosi, ile kopi yenye amri ya utekelezaji, mvamizi anaendelea kupika chai uani. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ile ya Hague kule Uholanzi, haitoi grosi. Inahukumu nchi, na kifungu cha 59 cha sheria yake kinasema uamuzi unawafunga waliokuwa kwenye kesi tu, kwa kesi hiyo tu. Mwaka 2004 iliiamuru Marekani ipitie upya kesi za Wamexico 51 waliohukumiwa kifo. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Marekani ikajibu kwamba nchi inafungwa kweli, ila majaji wa Texas hawafungwi bila sheria ya Bunge. Agosti mwaka huohuo, Texas ikamuua kwa sindano ya sumu José Medellín, mmoja wa hao 51.

Lakini Kongo si Marekani. Kifungu cha 215 cha Katiba yetu ya 2006 kinaweka mikataba iliyofungwa na kutangazwa ipasavyo juu ya sheria, na cha 153 kinaziambia mahakama, za raia na za kijeshi, ziitumie. Hapa jaji hana haja ya kungoja Bunge. Majaji wetu wa kijeshi waliutumia Mkataba wa Roma, ule wa uhalifu wa kivita na dhidi ya ubinadamu, moja kwa moja kwenye kesi ya Songo Mboyo, ya wanajeshi walioshtakiwa kwa ubakaji, mwaka 2006, wakati sheria ya kuuingiza katika kanuni zetu za adhabu ilikuja Desemba 2015. Wakitaka, wanaweza.

Kinachonikera ni kwamba tunataka kwa kuchagua. Hague ilipoiamuru Uganda, Februari 2022, itulipe dola milioni 325 kwa madhara ya jeshi lake nchini mwetu, hakuna aliyeuliza kama hukumu ya nje inafunga. Hague hiyohiyo ilituamuru sisi, mwaka 2012, tumlipe Ahmadou Sadio Diallo wa Guinea dola 95,000 kwa kumkamata na kumfukuza nchini. Hiyo nani anaikumbuka?

Na kuna Kilwa, kando ya ziwa Moero, jirani zetu. Oktoba 2004 jeshi liliua watu zaidi ya 70 pale. Juni 2007 mahakama ya kijeshi, hapahapa mjini kwetu, ikawaachilia washtakiwa kwa mauaji hayo. Familia zikaenda kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, ambayo iliikuta serikali na hatia, ikataka wahusika washtakiwe na waathirika wanane pamoja na familia zao walipwe dola milioni 2.5. Najua nitakachojibiwa: Tume si mahakama, inapendekeza tu. Sawa. Lakini Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu ambao Tume imeusoma tumeuridhia tangu 1987, na ndio huo kifungu cha 215 kinauweka juu ya sheria zetu. Jaji wa Lubumbashi akiambiwa pendekezo halimfungi, mkataba wenyewe unamfunga, na maelezo ya Tume yanamwonyesha namna ya kuusoma.

Kwa hiyo nawauliza maavoka, yaani mawakili, wa mji huu, wanaosoma gazeti lenu kila asubuhi kabla ya kwenda palais, jengo la mahakama: ni wangapi kati yenu mmewahi kuandika namba 215 katika maombi yenu? Katika miaka yangu yote kwenye meza ya karani, mafaili niliyoyapokea yenye namba hiyo nayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vinabaki.

Karani mstaafu,
Kamalondo, Lubumbashi