Miti ya kando ya mto nayo ipewe zamu ya maji

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Mimi ni mkulima wa mpunga huku Chekereni, skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, na jaruba langu (kipande cha mpunga chenye kingo za kuzuia maji) liko mkiani kabisa mwa mfereji, yani ukiona maji yamenifikia mimi ujue wa juu wote wameshashiba. Nimesoma wiki zilizopita watu wanabishana humu kuhusu wanaolima kando ya mto, mmoja anasema wafukuzwe mwingine anasema wana watoto wa kulisha, nikaona ngoja na mimi niseme maana nimekaa pande zote mbili za huo ugomvi.

Wasioijua skimu yetu niwaambie kwa kifupi. Ilijengwa na Wajapani ikakamilika mwaka 1987, hesabu ya mwanzo ilikuwa hekta 2,300 na katika hizo hekta 1,100 ndo za mpunga. Maji ni ya mito miwili, Njoro na Rau. Sasa mpunga ulipokubali na watu wakaanza kuezeka bati, wenzetu wa juu huko kabla ya banio, pale maji ya mto yanapoingizwa kwenye mfereji wetu, nao wakasema mbona na sisi mto unapita kwetu, wakachonga majaruba yao na mifereji yao, maji yakawa yanaishia njiani na eneo la mpunga huku chini likasinyaa. Siwalaumu. Ningekuwa juu ningefanya hivyohivyo. Na sisi huku tukilia tukumbuke kuna Kahe, wako chini yetu kwenye huohuo mto Rau, nao wakitutazama wanatuona sisi ndo wa juu wanaomaliza maji, alafu baada yao kuna bwawa la Nyumba ya Mungu ambalo linategemewa na mitambo ya umeme ya Hale na Pangani.

Sasa niwape kisa cha majuzi. Zamu ya maji ya block yetu, yani kundi letu la mashamba, ilikuwa inaanza saa 6 usiku. Saa 8 maji bado ni kauzi tu, yanapita chini ya mfereji kama mkojo wa mtoto samahani. Nikamwamsha jirani tukapanda na mfereji kwa tochi za simu, tukafika kwenye lango la juu tukakuta kiroba cha mchanga kimekandamizwa vizuri kabisa na jaruba la upande ule limejaa mpaka linamwaga juu ya kingo, maji yanaporomoka kwenye mtaro wa kutolea, yani yanapotea bure. Pembeni kuna mzee kajifunika koti la mvua anasinzia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mmefuata maji?"

"Ndiyo babu, ila hili limeshajaa, linamwaga."

Akakaa kimya kidogo alafu akasema, "Naliona. Ila nikifunga sijui kama nitayaona tena wiki ijayo."

Nilikuwa nimekuja na hasira zangu zote lakini hapo zikaniishia. Mzee hakuwa mwizi, alikuwa na wasiwasi, na ni wasiwasi huohuo unaonifanya na mimi yakinifikia nijaze mpaka juu wakati najua mpunga hauhitaji kuogelea. Nimejaribu kilimo shadidi kwenye nusu ekari, miche ya siku 10 hivi, mmoja mmoja kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25, unamwagilia unaacha ardhi ikauke mpaka nyufa ndogo zianze ndo unarudisha maji. Kinalipa, ila palizi usiombe. Sasa shida ni kwamba hicho kilimo kinataka uhakika kwamba siku uliyopanga kurudisha maji yatakuwepo, bila hivyo nani ataacha jaruba lake lipasuke kwa hiari yake? Kwahiyo semina zije hata mia, kama mto haueleweki mtu atajaza tu.

Na mto haueleweki kwasababu kingo zake tumezivua nguo. Zamani mvua ikinyesha mlimani mto ulipanda taratibu na kushuka taratibu, siku hizi unashuka mwekundu kwa usiku mmoja, keshokutwa umekonda tena, na ukipita umetuachia mchanga. Msimu huu tulivyosafisha mfereji kila mtu alipimiwa hatua 20, mimi zangu mchanga ulikuwa unafika magotini, siku mbili najaza karai natupa juu na nusu unaporomoka unarudi. Huo mchanga haukutoka mbinguni, ni shamba la mtu.

Na mwaka mmoja lilikuwa la kwangu! Nilikodi kipande pembeni ya mto nikapanda nyanya mpaka ukingoni kabisa, palikuwa na mkuyu mmoja mkubwa nikaukata mizizi ya upande wa shamba kwasababu ilikuwa inasumbua jembe na kivuli kinadumaza nyanya, nikajiona mjanja. Masika yalivyokuja mto ukala matuta tisa na mpira wa pampu juu, na ule mkuyu ukalala kwenye maji. Mpaka leo nikipita pale kuna shimo kama limechimbwa na katapila. Kwahiyo naposema kuhusu wanaolima ukingoni sisemi nikiwa malaika.

Sheria ipo tangu 2004, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto pasiwe na shughuli za kudumu wala zile zinazoharibu mazingira ya hapo. Kila mtu huku anaijua hiyo "mita 60", hata watoto. Ila inavyotekelezwa ndo kichekesho. Kinachotokea ni tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira, inakuja gari na turubai na spika, miche inashushwa, tunapiga picha, tunapanda. Sasa jamani mkulima yeyote wa Moshi anajua mwezi wa sita masika yameshaisha, kinachofuata ni jua tupu mpaka vuli. Unampanda mtoto wa mti siku ya kwanza ya njaa! Mwaka juzi nilihesabu mistari miwili tuliyopanda mimi na wenzangu, kufika mwezi wa tisa vilikuwa vimebaki vijiti na viriba vya nailoni ambavyo watu hawakuvitoa hata wakati wa kupanda.

Ndo maana nasema miti iwekwe kwenye ratiba ya zamu. Daftari la mgawa maji lina majina yetu wote na masaa yetu, basi uandikwe na ukingo wa mto kama mkulima mwenzetu, nusu saa kila wiki mbili kwenye kiangazi kwa sehemu ambazo mfereji uko karibu na mto, na kule mbali zichotwe ndoo siku ya kazi za skimu badala ya wote kujazana kwenye kusafisha mfereji. Anayekosa apigwe faini ileile ya anayekosa kusafisha. Ni miaka miwili mitatu tu ya mwanzo, mti ukishafikisha mizizi kwenye maji yake haukudai tena.

Na upandaji uhamie mwishoni mwa Machi mvua zikianza. Na jamani tuache kuletewa mikaratusi, najua nguzo zinauzika ila pale mtoni tunapandisha mnywaji mwingine kwenye foleni. Mkuyu hauna gharama, unakata tawi nene kama mkono wa mtu mzima unalichomeka ardhi ikiwa na maji. Nilichomeka vijiti 30 pale kwenye shimo langu la aibu, mbuzi wakala vingine, vingine vikakauka, vimeshika 11 na hivyo 11 ni kwasababu mgawa maji wetu alinionea huruma akaniachia maji kidogo kimyakimya, nje ya ratiba. Mringaringa nao unakubali. Asiyeamini nini kinawezekana aende Msitu wa Rau pale pembeni ya mji wa Moshi, maji ya ardhini yako karibu kabisa na juu, chemchemi zinatoka, mivule huwezi kuizungushia mikono hata mkiwa watu wanne. Unatoka kwenye jua la barabarani unaingia mle unahisi umefungua friji.

Kwa wanaolima ndani ya mita 60 sasa hivi, wasifyekewe nyanya zikiwa na maua, huo ni ukatili na unaleta chuki kwa miti yenyewe. Wapewe mpaka wavune, alafu kipande kibaki mikononi mwao kwa majani ya ng'ombe, matembo yale, wakate wabebe nyumbani ila jembe lisiingie. Ng'ombe wa ndani wako kila nyumba huku na majani yananunuliwa mpaka barabarani, kwahiyo hela haipotei yote. Na mwenye majani yake pale hataruhusu mbuzi wa mtu asogee, ulinzi huo huwezi kuupata kwa bango.

Nimeshalisema hili kwenye mkutano wa skimu, nikaambiwa ni wazo zuri litaingizwa kwenye mipango. Naomba basi lisiingizwe kwenye mipango, liingizwe kwenye daftari, ukurasa uleule wenye jina langu. Masika hayako mbali na yule mzee wa koti la mvua ameniomba vijiti vya mkuyu, anasema ana ukingo wake wa hatua 40 hivi, anachouliza ni maji ya kiangazi atapewa na nani.

Mkulima wa mkiani,
Chekereni, Moshi