Barua ya Wazi kwa Jaji Mkuu wa Uganda: Tufungulieni Jengo la Mahakama Kuu

Mheshimiwa Jaji Mkuu,

Kwa heshima zote, nakuandikia kuhusu jengo la Mahakama Kuu hapa Kampala, lile linalotazamana na Uwanja wa Katiba. Naomba mtufungulie sisi wananchi, hata iwe Jumamosi moja tu kwa mwezi. Wengi wetu huingia humo tukiwa washtakiwa, mashahidi, au tumemfuata ndugu aliyeko kizimbani. Mtu wa namna hiyo hana moyo wa kutazama nguzo wala kuuliza historia.

Na historia imo tele. Mahakama Kuu ilianzishwa kwa amri ya Uingereza ya mwaka 1902, na jengo hili ni urithi wa enzi za ukoloni. Ukiliangalia kutoka uwanjani unaona mamlaka yaliyotaka kuogopwa. Lakini heshima yake ya leo haikutokana na wakoloni. Ilitokana na watu waliofanya kazi ndani yake.

Tarehe 21 Septemba 1972 askari wa Idi Amin waliingia humo wakamchukua Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka ofisini mwake. Hakuonekana tena. Ndiye aliyekuwa Mganda wa kwanza kushika cheo ulicho nacho, na kabla ya hapo aliwahi kuwa Waziri Mkuu. Muda mfupi kabla ya kukamatwa, alikuwa ameamuru Mwingereza Daniel Stewart, aliyekuwa akishikiliwa na wanajeshi, aachiwe huru. Mheshimiwa, kijana wa Kampala anapaswa kusimama mahali pale na kuambiwa waziwazi kwamba hapa jaji aliondolewa kwa mtutu wa bunduki. Kulisoma jambo hilo kitabuni hakutoshi.

Aambiwe pia kuhusu Novemba 2005, wanaume wenye silaha na mavazi meusi walipoizingira mahakama hii baada ya washtakiwa wa uhaini kupewa dhamana. Na Machi 2007, yalipojirudia, hata majaji wakagoma.

Najua jengo lina kazi kila siku, na mafaili hayawezi kuachwa wazi. Ndiyo maana naomba siku ambayo hakuna kesi, pamoja na karani au wakili mmoja wa kutuongoza. Maelezo yawe kwa Kiingereza, Luganda na Kiswahili, maana tangu 2005 Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Na kabla fundi hajagusa ukuta au mlango wowote, wasanifu wapime na kuchora kila chumba kilivyo.

Mahakama ya Juu na Mahakama ya Rufani zilipata majengo mapya mwaka 2024, nasi tulifurahi. Hofu yangu ni kwamba macho na fedha zitaelekea huko, na hili la zamani libaki la kupigwa rangi tu. Tafadhali lipangieni bajeti yake ya matunzo, na tarehe 21 Septemba ijayo iwe siku ya kwanza ya kutupokea.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Kampala