Umechomeka dramu kwenye kompyuta, sauti iko wapi?

Wapiga dramu za umeme wanaokuja dukani kwetu, wengi wao vijana wa bendi za makanisani, huja na lalamiko lilelile: waya umechomekwa, kompyuta imeitambua dramu, mazoezi yote yamerekodiwa, lakini ukibonyeza kucheza kimya kitupu. Wengine huwa wameshashawishika kwamba moduli, kile kisanduku cha dramu kinachotoa sauti, imekufa.

Mara nyingi moduli ni nzima. Kinachopita kwenye waya ule si sauti. MIDI, mfumo uliotoka mwaka 1983, hubeba taarifa tu: pedi ipi imepigwa, na kwa nguvu kiasi gani, kuanzia 1 hadi 127. Kwa kawaida kiki ni namba 36, sneya 38, haihati iliyofungwa 42 na iliyofunguliwa 46. Kompyuta inazipokea namba hizo na kuzihifadhi vizuri kabisa, ila isipopewa ala ya kuzigeuza kuwa mlio, haina cha kukusikilizisha.

Kwa hiyo una njia mbili. Ya kwanza, weka dramu za programu ndani ya kompyuta, kisha usikilize kwenye hedifoni zilizochomekwa kwenye kompyuta yenyewe. Ya pili, rudisha zile namba kwenye moduli ili ipige kwa sauti zake, na hapo hakikisha zinarudi kwa chaneli ya 10, maana moduli nyingi husikiliza dramu kwenye chaneli hiyo.

Njia ya pili ndiyo inayotuletea wateja wengi wenye hasira. Unapiga sneya mara moja, unasikia mbili: ta-ta. Moduli imetoa mlio wake papo hapo, halafu namba imekwenda kwenye kompyuta, ikageuza, ikarudi kuipigisha moduli ileile tena. Ingia kwenye mipangilio ya MIDI ya moduli, tafuta palipoandikwa Local, uzime. Kama moduli yako haina kipengele hicho, zima kitufe cha kujisikiliza kwenye treki wakati wa kurekodi, kisha piga kama kawaida.

Anayetumia dramu za programu ana shida nyingine, kuchelewa. Fimbo imeshagusa pedi, mlio unakuja baadaye kidogo, na mpigaji mzuri hawezi kuvumilia hilo hata kwa ubeti mmoja. Angalia bafa, yaani idadi ya sampuli (vipande vidogo vya sauti) ambazo kompyuta hukusanya kabla ya kuzitoa. Ikiwa 1024 kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa peke yake inakuchelewesha kama milisekunde 23. Ikiwa 128, ni kama 3 tu. Kwenye Windows tumia draiva ya ASIO, inayopunguza kuchelewa huko. Na tafadhali, hedifoni za Bluetooth waachie wanaosikiliza muziki njiani. Kwa kupigia dramu hazifai, ziwe za bei gani.

Haihati nayo ina vituko vyake. Kwenye moduli nyingi za Roland, ukingo wa haihati hutuma namba 22 ikiwa imefungwa na 26 ikiwa wazi, wakati seti za kawaida za General MIDI (mpangilio wa namba unaofuatwa na ala nyingi) zinaanzia 35. Matokeo yake ukipiga juu inalia, ukipiga ukingoni haitoki kitu, na watu wanabadilisha pedi bure. Dawa ni kuzihamisha namba hizo kwenye ramani ya programu, ile orodha inayosema namba ipi ipige mlio upi. Mwendo wa mguu nao husafiri peke yake kama kontrola namba 4 (ujumbe wa MIDI usio wa pigo), basi ukisafisha treki usiifute, la sivyo haihati haitakuwa inafunguka na kufunga ulivyoikanyaga.

Waya wenyewe hauna makuu. Moduli nyingi hutumia USB ya umbo la printa. Moduli yenye tundu la duara la pini tano peke yake itahitaji kiunganishi cha MIDI katikati, tunavyo dukani.

Ukitaka tukufungie na kukupangia ramani, usihangaike kubeba fremu na matoazi kwenye daladala. Leta moduli na adapta yake, kompyuta unayorekodia, na kama tatizo ni haihati, pedi yake, pedali na nyaya zake. Tunapanga ukiwepo, upige mwenyewe mpaka uridhike, na tunakuhifadhia mipangilio kwenye flashi ili siku ukibadilisha kompyuta usianze upya.