YAH: KIRIKUU MLIYONIUZIA IKIWA IMEOZA CHINI

Moshi,
14 Julai 2025.

Kwa Meneja Mkuu,
Yadi ya magari, Arusha.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jina langu, namba ya risiti na namba ya chasisi mnavyo kwenye faili, tena aliyeviandika ni kijana wenu yuleyule ninayemlalamikia, kwa hiyo sitavirudia. Masharti ya dhamana ya miezi 12 mmeyatunga wenyewe, nayo sitayarudia. Kirikuu hiyo, kigari cha kubebea mizigo, niliichukua tarehe 21 Septemba 2024. Hesabuni.

Naandika kwa adabu. Barua hii ni ya tatu. Mbili za kwanza nilizichana kwa sababu adabu iliniishia katikati.

Tarehe 3 Juni nilikuja ofisini kwenu na vipande vya chasisi ndani ya mfuko wa kaki. Nilikuja na kosta, kwa kuwa kirikuu yenyewe ilikuwa imewekwa juu ya mawe kule gereji. Nikavitoa vile vipande, nikavipanga mezani kwa kijana wa mauzo, nikamweleza kwamba hicho ni chuma cha gari alilonipa, nimekibandua kwa vidole vyangu bila nyundo. Akavitazama kama mtu aliyekuta mchanga kwenye wali. Kisha akavikusanya kwa ubavu wa kiganja, akavisukumia kwenye pipa la taka, akamwita dada wa usafi: "Njoo ufute hapa, mama kaniletea uchafu." Halafu akanigeukia: "Mama, hayo ni matope yenu ya huko uchagani. Mlete mzee wa nyumbani tuongee naye, mambo ya chasisi huyawezi."

Hilo nitalirudia. Tuanze na matope, maana ndiyo hoja yenu pekee.

Matope ya Uru na Kibosho niliyakanyaga kabla sijajua kusoma, na nimeyaendeshea gari miaka kumi na sita. Barabara zetu zinakula gari, sibishi. Kiangazi vumbi linaingia kila penye grisi na kuigeuza msasa. Bushi nimebadilisha mara mbili, shokapu za mbele mara moja, na sikuwahi kuwapigia simu kwa hayo, kwa sababu hayo ni yangu. Masika udongo unajibana kwenye kona za chini na kukaa na maji yake wiki nzima. Usipoosha, kutu inaanza. Ndiyo maana kirikuu yangu ilioshwa chini kila Jumamosi, na kijana anayeiosha yupo, muulizeni. Lakini kutu ya matope inaanzia nje, pale jiwe lilipobandua rangi, na inaingia ndani polepole, kwa miaka. Hii yangu ilianzia ndani ikaja nje. Fundi alipoigonga chasisi kwa bisibisi, nyuma upande wa kushoto, haikulia kama chuma. Alipokandamiza, bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Akaichomoa, ikatoka na unga mwekundu na maganda yanayobanduka tabaka kwa tabaka kama chapati ya kusukuma. Miezi minane, Ndugu Meneja! Matope gani hayo?

Jirani yangu ana kirikuu ya mwaka uleule wa kutengenezwa. Mwaka wa tano huu inapita mashimo yaleyale, inabeba ndizi zilezile, na haioshwi hata Krismasi. Chasisi yake ukiigonga inalia kama kengele ya kanisa.

Kinachokula chuma kutoka ndani ni chumvi, na chumvi hiyo haikutoka kwetu. Kaskazini mwa Japani, majira ya baridi, wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke: chumvi ya kawaida, na ile nyingine ya kalisiamu kloraidi. Matairi yanayarusha yale maji ya chumvi chini ya gari, yanaingia kwenye matundu ya chasisi, ambayo ndani ni wazi kama bomba, na kwenye maungio yaliyochomelewa. Yakishaingia hayatoki. Chumvi inavuta unyevu hewani, kwa hiyo hata siku ya jua kali chuma kinakaa kimelowa kwa ndani na kinaendelea kuliwa. Ikitua kwenye joto letu kazi inakwenda mbio zaidi. Na vigari vya fowili, vinavyovuta kwa magurudumu yote manne, ndivyo vinavyopendwa na wakulima wa huko kwenye theluji, vilevile sisi wa milimani tunavyovigombania, kwa sababu vinapanda. Mfanyabiashara wa magari asiyelijua hilo auze vitunguu. Kwetu theluji ni ile ya kileleni Kibo tu, mita 5,895 juu, na hajatokea mtu wa kupanda kuimwagia chumvi.

Na msiniambie hamkujua. Fundi wangu ana rafiki Dar es Salaam anayeagiza magari mwenyewe. Tulimpa namba ya chasisi, akatutafutia karatasi ya mnada. Mnada wa Sapporo, kisiwa cha Hokkaido, kaskazini kulekule kwenye chumvi. Kwenye mchoro wa gari kuna herufi S sehemu nne, na herufi C chini ya mlango wa dereva. S ni ya neno la Kijapani sabi, yaani kutu. C ni kutu iliyokwisha kula chuma. Na kwenye maelezo ya mkaguzi imeandikwa kwa mkono kwamba gari lina sabi upande wa chini. Mkaguzi wa mnada aliinama akaona. Ninyi mlionunua kwa kuisoma karatasi hiyo mliona. Mimi niliyetoa shilingi 11,500,000 ndiye pekee sikuoneshwa. Nilipoiomba siku ya kununua niliambiwa "karatasi hizo zinabaki bandarini". Zinabaki bandarini! Kumbe iko kwenye simu ya mtu Kariakoo.

Nilichooneshwa ni rangi. Kijana wenu aliwasha tochi, akanikaribisha niiname, akasema: "Ona mama, imepigwa andakoti, chini mpya kabisa." Chuma kilikuwa cheusi, kinang'aa kama viatu vya harusi. Nikalipia na hiyo andakoti, shilingi 250,000, risiti yake ninayo peke yake. Sasa najua kwamba rangi ile ikipigwa juu ya kutu ni sawa na kufunga kidonda kichafu kwa bandeji safi: unyevu unafungiwa ndani pamoja na chumvi yake. Masika ya mwaka huu ilianza kubanduka kama ganda la ndizi ya kuchoma, na kila kipande kilichobanduka kiliondoka na chuma. Nilipiga simu tarehe 2 Mei. Nikaambiwa fundi mkuu yuko likizo. Tarehe 9 nikaambiwa bado yuko likizo. Nampongeza kwa mapumziko.

Tarehe 26 Mei nilikuwa nashuka kutoka Kibosho na mikungu 9 ya ndizi na gunia moja la parachichi, kwenda Mbuyuni. Pembeni yangu alikaa mtoto wa dada yangu. Nikasikia mlio kama wa mti unaovunjika. Kishikio cha springi ya nyuma kilikuwa kimechanika kutoka kwenye chasisi, bodi ikalalia tairi, gari likavuta kushoto, na kushoto kule ni korongo. Tumepona kwa sababu mbele yangu kulikuwa na bibi anavusha mbuzi, kwa hiyo nilikuwa nimekwisha punguza mwendo. Sina maelezo mengine ya kiufundi ya kwa nini niko hai. Ni wale mbuzi.

Siku mbili baadaye fundi wenu mkuu, karudi likizo, akaniambia kwa simu kwamba nilizidisha mzigo, na kwamba dhamana haihusu "barabara zisizo rasmi". Kigari hicho kimeruhusiwa kilo 350. Pimeni mikungu tisa na gunia moja, mnihesabie. Na hilo neno barabara zisizo rasmi nimelitafuta kwenye masharti yenu mbele na nyuma ya karatasi, halimo. Kirikuu mnamuuzia nani basi? Mtu wa kuendeshea lami kutoka kwenu mpaka Clock Tower na kurudi?

Sasa nirudi pale mezani, maana nilipoeleza mwanzo nilikuwa bado nimejizuia.

Niliingia saa nne asubuhi. Yule kijana ni umri wa mwanangu wa pili. Hakuniamkia. Mimi nilisimama, yeye amekaa, shikamoo haikutoka, mpaka nikamwanza mwenyewe na "habari za kazi". Kwenye viti vyenu vya ngozi walikaa mume na mke wachanga wanasubiri kuoneshwa gari, wanaona kila kitu. Nikapanga vile vipande mezani kimojakimoja, kikubwa kimelingana na kiganja changu. Hakuuliza ni vya nini. Hakunyanyua hata kimoja. Alivisukuma vyote kwenye pipa kwa ubavu wa mkono, kama makombo ya mkate, huku anatazama simu. "Njoo ufute hapa, mama kaniletea uchafu." Yule dada wa usafi alikuja na kitambaa, akanitazama mimi, akainamisha macho. Yeye alijua kwamba kimefanyika kitu kibaya. Ndipo likaja lile la mlete mzee wa nyumbani.

Ndugu Meneja, mzee wa nyumbani ni mwalimu wa muziki. Hajui hata kufungua boneti. Gari nililinunua mimi, kwa fedha ya ndizi zangu, na jina lililo kwenye kadi ni langu. Ninyi mlipozihesabu zile noti hamkuniambia nimlete mzee aje kuzihesabia.

Sikusema neno. Nilipiga magoti pale sakafuni kwenu, na gauni langu la kitenge, nikaingiza mkono kwenye pipa la taka, nikaviokota vipande vyangu kati ya vikombe vya kahawa na karatasi za pua. Vyote. Wale wanandoa walinyanyuka wakaondoka bila kuona gari, na kama hamkuelewa kwa nini siku ile mlikosa mteja, ndiyo sababu. Mlinzi wenu alinifungulia geti na kuniambia "pole mama". Ni yeye na yule dada tu walionitendea kama mtu katika kampuni nzima, na naomba barua hii isiwaletee matatizo.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nadai shilingi 1,450,000 tu, gharama ambayo fundi amenipa ya kukata chasisi nyuma na kuchomelea mpya. Nimebadili mawazo. Nimekaa nimefikiri: ukichomelea chuma kizima kwenye chuma kilichooza, kesho kinachanika sentimita kumi mbele yake. Na kule korongoni hakuna kila siku bibi mwenye mbuzi. Kwa hiyo nadai fedha yangu yote, 11,500,000, na 250,000 ya ile rangi. Halafu tangu siku ile nakodi toyo, pikipiki ya magurudumu matatu, kupeleka mzigo sokoni, 35,000 kila safari, safari tatu kwa wiki, wiki saba sasa: 735,000. Jumla shilingi 12,485,000. Kirikuu njooni muichukue wenyewe, na brekidauni yenu, kwa gharama yenu. Kila wiki mnayochelewa ongezeni 105,000.

Na yule kijana aje Moshi. Simtaki afukuzwe kazi. Ana mama yake naye. Aje nyumbani, aseme shikamoo, anyanyue kipande kimoja kwa mkono wake mwenyewe na aniambie hicho ni kitu gani.

Nawapa siku 14, mwisho 28 Julai. Baada ya hapo barua hii, risiti zote mbili, picha za fundi na karatasi ya Sapporo vinakwenda Tume ya Ushindani, FCC, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na kupaka rangi juu ya kutu halafu kumtoza mlaji hela ya rangi sijui mtakuita nini. Hayo ni ya ofisini. Ya barabarani ni haya: nitaikodia brekidauni mimi mwenyewe, niilete kirikuu mpaka mbele ya geti lenu, upande wa barabara ambao si wenu, niinyanyue kwa jeki nyuma, niweke kiti changu na bisibisi moja. Kila mteja anayeingia nitamkaribisha achome mwenyewe. Karatasi ya mnada nitaikuza ukubwa wa mlango. Ndizi za kula siku tatu ninazo.

Vipande viko kabatini kwangu, ndani ya mfuko uleule wa kaki.

Wenu katika biashara,

Mteja wenu (jina mnalo).

Nakala kwa:
Fundi wangu, kwa utekelezaji.
Mume wangu, kwa taarifa tu.