Risala ya Kamati ya Wazazi wa Bendi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi, Bagamoyo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Mwenyekiti wa Kamati ya Shule,
Mwalimu Mkuu na walimu wote,
Wazazi wenzetu, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima hadi kukutana siku ya leo. Pili tunakushukuru wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kukubali mwaliko wetu licha ya majukumu mazito uliyo nayo. Watoto wa bendi walijipanga getini tangu saa tatu asubuhi, na ulipowasili saa saba kasoro robo walikuwa bado wamejipanga. Tunaomba ulipokee hilo kama ushahidi wa nidhamu yao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa historia hatutakuchosha. Bendi katika mji huu haikuanza jana. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akijiandaa hapa kwenda bara kumtafuta Livingstone, alikaribishwa misheni, akalishwa, na baada ya chakula vijana wapatao ishirini wakampigia matarumbeta. Baadaye wazee wetu wa pwani wakacheza beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi, kundi la Marini upande huu na la Arinoti upande ule. Bendi ya shule yetu ilianza mwaka 2011 ikiwa na ngoma kubwa moja, ngoma ndogo mbili na tarumbeta moja la kuazima. Historia inaishia hapo.

Mafanikio ni mengi mno. Idadi ya ngoma kubwa imeongezeka kwa asilimia 100, kutoka moja hadi mbili. Bendi imevuka bahari na kutumbuiza Unguja. Ilikuwa harusini, lakini ni Unguja. Imeshika nafasi ya tatu katika mashindano ya bendi za shule, ingawa mwalimu wa bendi ametuomba tusitaje zilishiriki shule ngapi. Na Mwenge wa Uhuru ulipopita mjini kwetu, bendi hii ilikuwepo kando ya barabara ikipiga kwa nguvu zake zote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, huenda unajiuliza fedha za haya yote zinatoka wapi. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi ni bila malipo, jambo tunaloishukuru sana Serikali, na shule hupangiwa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hiyo elfu kumi chaki zinataka, mitihani inataka, mlango wa choo unataka. Tarumbeta likisimama kwenye foleni hiyo litazeeka. Kumchangisha mzazi kwa lazima hairuhusiwi, na sisi wenyewe hatutaki. Kwa hiyo tunauza chakula.

Panapopigwa muziki mjini hapa, meza yetu ipo. Msimu wetu mkubwa ni ule wa Tamasha la Kimataifa la Sanaa na Utamaduni pale TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, lakini hata taarabu ya uwanjani na tamasha la kwaya tunakwenda. Tunauza chapati, bajia, mihogo ya kukaanga, mishikaki, chai ya tangawizi na juisi ya mabungo. Akina mama huanza kukanda saa nane mchana. Akina baba, ambao mwaka wa kwanza walikuja kwa kazi ya ulinzi tu, sasa wanapepea mkaa na kukata kachumbari. Anayesimama kwenye chuma cha chapati ni fundi majahazi, na chapati zake ni za duara kuliko za mkewe. Mkewe yupo hapa, anatikisa kichwa. Hakuna anayelipwa; hata nauli ya bajaji ya saa saba usiku kila mtu anajitolea mwenyewe.

Biashara yenyewe ni ya dakika ishirini. Kundi moja likishuka jukwaani na lingine halijapanda, watu wanageuka kwa pamoja, wana njaa, na kila mmoja ameshika noti ya elfu kumi. Hapo ndipo utajua thamani ya chenji. Fedha tunazitumbukiza kwenye ndoo ya rangi iliyotobolewa mfuniko, na ndoo hufunguliwa usiku huohuo mbele ya wajumbe watatu wakimulika kwa simu. Zile noti zina mafuta mpaka wakala wa benki huzishika kwa ncha za vidole.

Tarumbeta la mwisho tulilonunua lilitugharimu shilingi 480,000. Kwa bei yetu ya shilingi 500, hizo ni chapati 960, bila kuhesabu unga, mafuta wala mkaa. Tunaomba takwimu hiyo uiweke akilini, tutairudia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tuingie kwenye lililotuleta.

Bendi haina chumba. Ina vyombo 23 na haina pa kuviweka. Ofisi ya Mwalimu Mkuu tayari inatunza mipira, majembe, mitihani na Mwalimu Mkuu mwenyewe. Kwa hiyo vyombo vinalala majumbani kwa wazazi. Ngoma kubwa moja ipo jikoni kwa mjumbe wetu, na usiku panya walikula ngozi ya upande mmoja. Siku hizi inapigwa upande mmoja tu, na mtoto anayeipiga ameshazoea kuigeuza wageni wasione. Tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, inalala chini ya kitanda cha mama mmoja mwenye chumba kimoja na watoto wanne. Asubuhi ya mazoezi inapakiwa kwenye bodaboda. Mwezi wa tano ilianguka njiani, ikabonyea mdomoni. Ile sauti ya kukwaruza uliyoisikia kwenye Wimbo wa Taifa wakati unapokelewa haikuwa kosa la mtoto, na tunaomba usimfikirie vibaya.

Juu ya hayo tuko mita mia nne kutoka baharini. Hewa ya chumvi haina huruma na shaba. Chombo kikikaa wiki mbili bila kufutwa kinaota ukungu wa kijani, vibonyezo vinakwama, na katikati ya wimbo mtoto anabonyeza kimoja kisirudi. Tunalainisha kwa mafuta ya cherehani. Kwenye tarumbeta mbili, pale pa kutolea mate pamebanwa kwa springi ya kalamu na kipande cha ndala. Mwalimu wa bendi anasema zinapiga. Ni kweli, zinapiga. Lakini kila chapati 960 tunazozigeuza kuwa tarumbeta, tunalipeleka likaozee chini ya kitanda.

Suala hili si jipya, na hatupendi lionekane kama tunamshtukiza mgeni. Mwaka 2019 mgeni rasmi wa siku kama ya leo alisimama hapahapa chini ya mwembe huu akatamka mabati 40. Vigelegele vilisikika mpaka sokoni. Kwa imani ya mabati hayo wazazi walichimba msingi Jumamosi mbili mfululizo. Ukigeuza shingo kidogo, Mheshimiwa, nyuma ya jukwaa utauona. Masika ukijaa maji watoto huuita bwawa, na mwaka huu bata wa jirani wametotoa hapo. Mwaka 2022 mgeni mwingine alituahidi mifuko 60 ya saruji, na kwa ukarimu wake akaongeza mbao. Tulimfuata ofisini mara tano. Mara ya sita mlinzi alikuwa anatuita kwa majina. Mwaka jana mgeni wetu aliguswa sana, akasema jambo hili atalifanyia kazi. Hatuna shaka analifanyia kazi hadi sasa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tumeshapokea wageni watatu, Mheshimiwa, na bado tunaugua.

Ndiyo maana safari hii kamati imebadili utaratibu. Hatuombi mabati wala saruji, kwa kuwa tumegundua vitu hivyo vina safari ndefu. Fundi ametupimia chumba cha mita nne kwa tano. Saruji ni 720,000. Mabati 20 ni 640,000. Mbao ni 350,000. Mlango wa chuma ni 280,000 na madirisha mawili ya nondo 240,000. Ufundi ni 400,000. Mchanga na matofali tunavyo, vilitokana na meza ya tamasha la mwaka jana. Jumla ni shilingi 2,630,000. Ndoo yetu ya rangi imeshatoa 1,180,000, zipo kwenye akaunti ya shule na Mwalimu Mkuu ni shahidi. Pungufu ni shilingi 1,450,000.

Tunajua kwa nafasi yako kiasi hicho si kikubwa. Kwetu ni chapati 2,900, na fundi majahazi ametuomba tukuambie kwamba bega lake la kulia linamuuma.

Lipo na ombi dogo la pili, tutalipitia haraka: kwenye baadhi ya matamasha meza yetu inatozwa ada ya nafasi sawa na ya muuza bia. Neno lako moja kwa wahusika lingetosha. Hilo la pili hata likichelewa tutavumilia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kutusikiliza kwa utulivu. Tumeona umeandika, na tumefarijika, ingawa waliotangulia nao waliandika. Mweka hazina wetu amekaa upande wako wa kushoto, yule mwenye ushungi wa kijani. Anacho kitabu cha stakabadhi, kalamu ina wino, na namba ya akaunti ya shule imeandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi iliyo chini ya chupa yako ya maji. Usipokuwa na fedha taslimu, mtandao hapa unashika vizuri, hasa ukisimama karibu na msingi.

Wakati unatafakari, bendi itakupigia wimbo mmoja. Tumewaambia watoto waupige polepole, na ukiisha waurudie.

Naomba kuwasilisha.

Katibu,
Kamati ya Wazazi wa Bendi