Kuhusu hilo neno "set"

Mwanangu mambo,

Meseji yako niliiona nikiwa dukani ila nikasema hii siijibu kwa vidole viwili huku mteja anadai misumari. Eti "set" maana yake nini. Ipi sasa? Kwenye kamusi kubwa ya Oxford ya 1989 hilo ndo lilikuwa neno lenye maelezo marefu kuliko yote, karibu maneno 60,000 kwa ajili ya herufi tatu tu, baadaye ndo "run" ikaja kulipita. Kwa hiyo usijione mzito.

Mi naona hiyo listi unayokariri achana nayo. Shika hivi: "set" imetoka kwenye "sit", kama sisi tunavyotoa ketisha kwenye keti, yaani ni kufanya kitu kikae mahali pake. "Set the table" unakalisha sahani na vijiko, "set the alarm" unaikalisha saa kwenye muda wako (hapo hata sisi tunaseti tu, nani ana muda), na "the sun sets" ni jua lenyewe linaenda kukaa huko chini.

Utamu uko kwenye simenti. Mwingereza anasema zege "sets", fundi wetu anasema limeshika, na kushika siyo kukauka, wateja wangu wengi hapo ndo wanapoharibu. Simenti inashika kwa sababu inaungana na maji, ndo maana fundi anayejua kazi zege likishashika analimwagilia siku kadhaa, asipofanya hivyo kwa upepo huu wa Dodoma linakauka juujuu na kupasuka. Halafu nenda shamba la zabibu wakishapogoa, yale maua ya kijani hata huyaoni vizuri, mengi yanapukutika, yanayobaki yanaacha vitunda kama punje za ulezi. Hapo Mwingereza anasema "the fruit has set", na sisi tunasema limeshika tena! Moto umeshika, mimba imeshika, shika adabu yako, mzungu anayejifunza Kiswahili naye analia kivyake huko.

Seti ya sufuria sasa usiilazimishe kwenye kuketisha, hiyo ya kundi la vitu imepitia Kifaransa cha zamani kutoka Kilatini, ukoo mwingine kabisa, sura tu ndo zimefanana. Na zile za "set off", safari imeanza, "set up", kuanzisha kitu au kumtegea mtu mtego, "set in", kama mvua imeanza na haina dalili ya kuacha, hizo kariri tu ndugu yangu hazina ujanja, ila kariri na sentensi nzima.

Halafu cheki kitu kimoja kwenye pepa, wanakipenda sana. "She set the table" hiyo ni jana, maana "set" haibadiliki ikienda wakati uliopita, ingekuwa ya kila siku ungeona "sets". Ukiona "set" iko peke yake bila "s" na mtendaji ni he, she au it, tiki past tense uendelee na swali lingine.

Nitumie zile sentensi zilizokugomea, usinitumie listi tena. Na mama msalimie, mwambie ile simenti ya choo asinunue mapema akaiweka chini kwenye sakafu, inashika unyevu inakuwa mawe, anitumie hela siku fundi akiwa tayari nitampakilia kwenye basi.