Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Wazee wetu, akina mama, akina baba na vijana, nawasalimu nyote.

Mambo ya kawaida ya chama nitayapitia haraka, kwa kuwa katibu ameyaandika yote na mweka hazina atasoma hesabu baada yangu. Mfuko wa kufa na kuzikana umefanya kazi yake: kila msiba uliotupata tulifika, tukakaa na wafiwa, na hakuna familia iliyozika kwa mkopo. Darasa la Kiswahili la Jumamosi limeendelea. Nawashukuru sana walimu wanaojitolea.

Nataka nikae zaidi kwenye safari ya Balmorhea, maana wapo waliouliza, na ni haki yao kuuliza, kwa nini chama cha wasemaji wa Kiswahili hapa Texas kilitoa fedha kwenda kutazama bwawa la kuogelea jangwani.

Balmorhea ni mji mdogo wa Kaunti ya Reeves, wakazi wake hawafiki elfu moja, na jangwa la Chihuahua limeuzunguka pande zote. Kilomita chache kutoka mjini, katikati ya vichaka vikavu, iko chemchemi ya San Solomon. Inatoa maji usiku na mchana, na joto lake halitoki kwenye nyuzi 22 hadi 24, iwe majira ya joto au ya baridi. Bwawa lililojengwa kuizunguka linabeba lita zaidi ya milioni 13, na penye kina kirefu linapita mita saba. Maji yakitoka hapo yanaingia mifereji na kwenda mashambani. Watoto wetu waliogelea na samaki wakipita miguuni mwao.

Waliolijenga ni vijana waliokosa kazi. Rais Franklin Roosevelt aliposhika madaraka mwaka 1933, katikati ya Mdororo Mkuu wa Uchumi, karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne nchini Marekani hakuwa na ajira. Mwaka huohuo serikali iliunda kikosi cha kazi kilichojulikana kwa herufi CCC. Kilichukua vijana wasiooa, wengi wa familia zilizokuwa zikiishi kwa msaada, kikawaweka kambini na kuwapa kazi za kupanda miti, kujenga barabara na kutengeneza hifadhi. Kambi ya Balmorhea ilianza mwaka 1935. Vijana walijenga kwa mawe ya chokaa ya hukohuko, na nyumba za wageni wakazijenga kwa matofali ya udongo yaliyoanikwa juani. Akina mama wetu wa Kigoma na Uvira hawakuhitaji mtu wa kuwaeleza tofali la kuanika ni nini. Walipapasa kuta zile wakaanza wao kutufundisha sisi.

Mshahara wa kijana ulikuwa dola 30 kwa mwezi. Dola 25 zilitumwa moja kwa moja nyumbani kwa wazazi, yeye akabaki na tano. Nilipoitaja hesabu hiyo tukiwa kivulini, watu walinyamaza. Ndugu zangu, ni nani humu ndani asiyeijua hesabu hiyo? Kila mwisho wa mwezi tunaipiga. Mzee wetu aliyepitia JKT, Jeshi la Kujenga Taifa la Tanzania, akasema alidhani mambo ya kambi, filimbi ya alfajiri na sepetu yalikuwa ya kwetu tu. Vijana walimzunguka mpaka jua likashuka, na kwangu mimi saa ile peke yake ilitosha kulipia safari.

Hatukuwaficha watoto upande mwingine. Oscar De Priest, mbunge pekee Mweusi wa wakati ule, alihakikisha sheria ya mwaka 1933 inakataza ubaguzi wa rangi katika kazi hiyo. Hata hivyo, mwaka 1935 mkurugenzi wa CCC, Robert Fechner, aliagiza Weusi watengwe katika kambi zao. Wanawake hawakuandikishwa kabisa. Binti mmoja aliuliza dada za vijana wale walikula nini. Nikamjibu kuwa zile dola 25 ndizo zilizowalisha, lakini swali lake lilikuwa kubwa kuliko jibu langu.

Jambo jingine lililonigusa ni maji yenyewe. Mji wa Fort Stockton, mwendo wa saa moja hivi kwa gari, nao ulikuwa na chemchemi kubwa, Comanche Springs. Pampu za mashamba ziliyavuta maji ya chini, wakulima waliotegemea mifereji wakaenda mahakamani, na mwaka 1954 wakashindwa. Chemchemi ikakauka. Samaki mdogo mwenye jina la chemchemi hiyo sasa hana kwao, na Balmorhea ni miongoni mwa mahali pachache alikosalia. Bwawa la Balmorhea nalo lilibomoka sehemu mwaka 2018, likafungwa hadi mwaka uliofuata. Kazi ya mikono ya vijana wale inahitaji mikono mingine.

Kuhusu basi tulilokodi kuharibika njiani, nawaomba radhi waliokaa juani na watoto wadogo. Nilipaswa kuhakikisha tunalo gari la akiba, na safari ijayo nitafanya hivyo.

Kamati inaleta maombi mawili. La kwanza, kila mwaka tutenge siku ya kujitolea katika hifadhi mojawapo iliyojengwa na CCC hapa Texas, kwa kazi yoyote watakayotupangia wenyeji. La pili, vijana wa darasa la Jumamosi warekodi sauti za wazee wetu waliopitia JKT, NYS (huduma ya vijana kwa taifa) ya Kenya na kazi za umma kwingineko, kwa Kiswahili, kabla hatujachelewa. Gharama zake zimo katika hesabu atakazosoma mweka hazina, na kura itapigwa akimaliza.